"Tueleze kinagaubaga": umeambiwa useme sana au umeitwa mwizi?

Marahaba dada, na pole kwa hicho kikao. Swali lako nimelisoma mara mbili nikaona siwezi kulijibu kwa mistari miwili, maana limebeba mambo mengi kuliko ulivyodhani wakati unaliandika, na najua si wewe peke yako uliyewahi kukwama hapo.

Nirudie kwa kifupi ulichoniambia ili tuwe pamoja. Wewe ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, watu thelathini. Ukasoma taarifa ya robo mwaka, ukafika kwenye laini inayosema "Mengineyo 186,000", mwenyekiti akanyanyuka akasema "naona mweka hazina atueleze kinagaubaga hizi hela za mengineyo." Watu wakaguna. Wewe ukasikia kama umeitwa mwizi, ukaanza kueleza, ukaongea kama robo saa nzima, ukaelezea ugumu wa kazi yako, benki ilivyo mbali, kitabu kilivyolowana mvua, na ulipomaliza mama mmoja akasema "bado hujatueleza kinagaubaga." Ndo ukaumia zaidi. Sasa unauliza, kinagaubaga maana yake hasa nini, ni kuongea kwa urefu au ni kukiri, ni Kiswahili sanifu au la mtaani, lina tofauti gani na fafanua na hili la kudadavua ambalo vijana wanalo sana sa hivi, na katibu wako anaandikaje kwenye muhtasari.

Nianze na linalokuuma. Hapana, hujaitwa mwizi. Ila umeombwa kitu fulani na hukukitoa, ukatoa kingine, na kile kingine hata ungekitoa saa nzima wasingeridhika. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi kabla sijaingia kwenye uhariri, na kosa hili nimeliona kwenye karatasi za wanafunzi mpaka nimelizoea, mtu anaambiwa fafanua anajaza kurasa, anadhani wino ndo maelezo. Alama hazipatikani kwa wino.

Kinagaubaga ni kielezi, yani neno linalosema kitendo kimefanyika vipi. Kazi yake ni kusema kwamba jambo limeelezwa waziwazi, limeanikwa lote, kipande kwa kipande, hakuna kilichofunikwa. Humo ndani kuna mambo mawili yamekaa pamoja na ukilitenga moja umelikosea neno. La kwanza ni uwazi, hakuna kuficha, hakuna kumung'unya maneno. La pili ni undani, kila kitu kimetajwa kwa jina lake na mahali pake. Mtu anaweza kuwa muwazi bila undani, akakwambia "ndiyo hela nilitumia mimi", basi, huyo kasema wazi lakini si kinagaubaga. Na mtu anaweza kutoa undani usioisha huku lile jambo lenyewe kalikalia, huyo naye hajasema kinagaubaga hata akiongea mpaka jua linazama. Wewe, dada yangu, samahani nikuambie kwa upendo, ulikuwa huyu wa pili. Hukuficha kwa makusudi, hilo naliamini, ulikuwa na hofu na hofu inamfanya mtu azunguke. Ila yule mama alivyosema "bado" alikuwa anatumia neno sawasawa kabisa.

Sasa ona urefu unavyoingia hapo. Haumo. Kwa urefu tuna misemo yetu mingine, tunasema kwa kirefu, kwa mapana na marefu. Kwa kwenda chini tunasema kwa kina au kwa undani. Wengi wanachanganya kwa sababu kinagaubaga linaanza na herufi zilezile za kina, wanadhani ni kina halafu kuna kitu kinaitwa gaubaga, mpaka wengine wanaliandika hivyo, kina gaubaga, maneno mawili. Sivyo. Ni neno moja, lina silabi sita, ki-na-ga-u-ba-ga, na mkazo unakaa kwenye ba kama kawaida yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ile ga na ile u zisiungane mdomoni, kila moja isikike. Jaribu kulisema taratibu mara tatu utaona linakaa lenyewe. Ukisikia mtu anasema kinaganaga usimcheke, na hilo lipo, lina maana ileile, ila kwenye maandishi ya siku hizi kinagaubaga ndo limeshika.

Na kuhusu usanifu uondoe wasiwasi. Limo kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyotoka mara ya kwanza 1981 ikarudiwa baadaye, si neno la kijiweni. Redio ya Ujerumani, DW, kwenye idhaa yao ya Kiswahili wana kipindi cha mahojiano wamekiita hivyohivyo, Kinagaubaga, mtu mmoja anakalishwa anaulizwa mpaka jambo linaeleweka. Mi naona jina hilo wamelichagua vizuri sana, ukitaka kumfundisha mtu maana ya neno bila kufungua kamusi mpe dakika chache asikilize mahojiano ya aina hiyo, atasikia swali linavyorudi na kurudi mpaka mjibuji anaacha maneno ya jumla anataja kitu chenyewe.

Nikupeleke nyuma kidogo, kwenye lile neno eleza lenyewe, maana mwenyekiti hakusema kinagaubaga peke yake, alisema "atueleze kinagaubaga", na eleza watu tunalitumia kila siku bila kuliangalia. Eleza linatoka kwenye elea. Elea ndo ile ya chombo majini, jahazi linaelea, boya linaelea, wote tumesikia methali ya pwani isemayo vyaelea vimeundwa. Elea hilohilo tunalitumia kwa akili, tunasema "jambo hili limenielea", yani limekuja juu nimeliona, au "hapo hapajanielea bado". Kutoka hapo tukapata elewa, na tukapata eleza, yani kufanya kitu kielee. Kwa hiyo kumweleza mtu jambo ni kulitoa chini lilikozama ulilete juu ya maji mbele ya macho yake. Na maelezo ni vile vitu vyenyewe vilivyoletwa juu, ndo maana hata ofisi ya serikali ya Tanzania inayotoa habari kwa wananchi tunaiita Idara ya Habari MAELEZO. Unaona jinsi neno linavyokupa kipimo? Swali baada ya kueleza si "nimeongea dakika ngapi", swali ni "wanaliona sasa?" Ile laini yako ya 186,000 ilikuwa imezama. Ulipoongelea mvua na umbali wa benki, mvua ndo ilielea. Hela zilibaki chini.

Fafanua nalo tulitazame. Hili ni jirani wa eleza lakini hawafanani kazi. Kufafanua kunahitaji kuwe na kitu kimeshasemwa tayari, kikawa hakijakaa sawa, kina ukungu, au kinaweza kuchukuliwa kwa maana mbili, ndo wewe unakisafisha. Zipo lugha zetu za zamani za kusema fafana kwa maana ya fanana, na mi ninavyolisoma neno hili, vitu vikifanana mno macho yanachanganyikiwa, kufafanua ni kuvitoa kwenye kufanana huko ili kila kimoja kionekane ni kipi. Kwa hiyo mtu akikwambia "naomba ufafanuzi" amekubali kwamba umesema, ila hajakupata. Ni ombi la upole. Akikwambia "tueleze kinagaubaga" amekwambia bado hujasema.

Hapo ndipo penye ule uzito ulioukuta kifuani kwako, na sitaki nikufiche. Kwa sababu kinagaubaga lina "bila kuficha" ndani yake, ukimwambia mtu mwingine mbele za watu "tueleze kinagaubaga" unaweza kusikika kama unasema huwa anaficha. Ukijisemea mwenyewe, "nitawaeleza kinagaubaga", ni ahadi nzuri, kila mtu anakaa vizuri kusikiliza. Ukilielekeza kwa mwingine ni dai. Ukiliongezea "naomba" au "tungeshukuru" linalainika, ukilisema kavu kama alivyosema mwenyekiti wenu, tena wakati watu wameshashika mashavu, linagonga. Mimi ningekuwa yeye ningesema "naomba mweka hazina atufafanulie laini hii", ningepata majibu yaleyale na wewe usingetetemeka. Kwa hiyo hukuwa umekosea kabisa kusikia kitu hapo, ila kilikuwa kwenye sauti na mahali, si kwenye maana ya neno. Mtu akiwa na shaka na wewe kweli atatumia maneno mengine, atasema ujieleze. Kujieleza na kueleza ni mbali, mwanafunzi aliyechelewa anajieleza, mtuhumiwa anajieleza. Angesema "mweka hazina ajieleze" ungekuwa na haki ya kuudhika na mi ningekuwa upande wako.

Sasa kudadavua. Hili limepata nguvu sana Tanzania, magazetini kwenye makala za uchambuzi na kwenye simu zetu, "hebu tudadavulie hapo kaka", "mchambuzi anadadavua". Maana yake ni kueleza jambo kwa kulifungua vipande vipande, hasa jambo gumu au lililosukwa. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ya uhariri alikuwa analikata kila akilikuta, anaweka fafanua, mi nilikuwa narudisha. Sioni kosa lake. Lina sauti ya kazi ndani yake, unamsikia mtu anahangaika na fundo. Ila lina sehemu zake. Kwenye barua ya benki au taarifa ya kikundi inayokwenda wilayani tumia fafanua, kwenye kikao na kwenye meseji dadavua wala hakuna shida. Na utofautishe, kudadavua ni kitendo, kinagaubaga ni namna ya kitendo. Unaweza kudadavua jambo kinagaubaga. Huwezi "kukinagaubaga" jambo, ingawa kuna siku niliona kijana kaandika hivyo na nikaelewa alichotaka.

Kitu ambacho nakipenda sana kwenye lugha yetu, na niliwahi kukitumia darasani mpaka watoto wakaanza kuyatafuta maneno wenyewe, ni kwamba maneno yetu mengi ya kueleza yanaishia na -ua. Fafanua, dadavua, chambua, changanua, pambanua, fumbua, tegua, tatua. Na -ua hiyo kwenye Kiswahili mara nyingi ndiyo inayogeuza kitendo kinyume, walimu tunaiita kauli ya kutendua. Ukifunga unafungua, ukiziba unazibua, ukikunja unakunjua, ukipanga unapangua. Mtu akifumba fumbo mwenzake analifumbua. Kitendawili unakitega, aliyekijua anakitegua. Uzi ukiwa na tata unautatua, na kutoka kwenye uzi tukahamia kwenye matatizo, tunatatua matatizo. Si kila neno lenye -ua liko hivyo, nunua halikutokana na kununa kugeuzwa, usije ukalibebea kila kitu, lakini mengi kwenye lile kundi la maneno ya kueleza yamekaa hivyo. Wazee waliolijenga waliona kueleza ni kufungua kitu ambacho mtu alikifunga.

Chukua chambua. Leo tunasikia uchambuzi wa mpira, uchambuzi wa bajeti, tunadhani ni neno la wasomi. Lakini nenda jikoni. Mama yangu alikuwa anachambua mchele jioni kabla giza halijaingia, anakaa kwenye kigoda ungo mapajani, anausukuma mchele kidogo kwa kiganja upande wa kulia, anautandaza hadi unakuwa wa punje moja moja, halafu kidole cha shahada kinatembea, jiwe hili, chuya hii, mdudu huyu mweusi, anatoa anatupa pembeni. Kilichotandazwa ndo kinachoonekana, mchele ukiwa umelundikana hata uutazame saa nzima jiwe hulioni, utaliona kwenye jino. Akimaliza fungu anausogeza kushoto, ule umeshapita, anachukua fungu lingine. Hakuwa anaongeza mchele. Kilo ilikuwa kilo ileile, ila alipomaliza aliijua yote.

Hivyo ndivyo kinagaubaga kinavyofanyika, na hela zako nataka tuzifanye hivyo. Uliniandikia kwenye meseji ya pili zilikwenda wapi, na nilipojumlisha nikakuta zinatimia, kwa hiyo huna cha kuogopa. Tazama sasa. Taarifa yako ilisema "Mengineyo 186,000." Hilo ni lundo. Tulitandaze. Nauli ya kwenda benki wilayani na kurudi, watu wawili, wewe na katibu, 6,000 kila mtu kila safari, safari mbili, jumla 24,000. Daftari tatu za hesabu kwa 4,000 kila moja, 12,000. Chai na vitafunwa vya mkutano wa robo mwaka, watu 30 kwa 3,000 kila mtu, 90,000. Kukodi viti 60 kwa 500 kila kiti, 30,000. Rambirambi kwa mwanachama aliyefiwa, kama ilivyoamuliwa kwenye kikao kilichotangulia, 30,000. Jumla 186,000. Nimetumia chini ya dakika moja kuisoma kwa sauti. Wewe ulitumia robo saa na hakuna aliyeijua nauli ilikuwa shilingi ngapi.

Na mle ndani kuna kitu kimoja watakuuliza, viti 60 vya nini kama mko 30. Usisubiri waulize, sema, kwamba mlialika kikundi jirani. Hiyo ndo sehemu ambayo watu wengi wanairuka, wanataja vizuri kila kitu halafu pale penye mchanga wanapita haraka. Kinagaubaga panapimwa hapohapo. Mtu anayeeleza kinagaubaga anakwenda mwenyewe kwenye sehemu inayouliza maswali kabla hajasukumwa, na hapo ndo yule mama wa "bado" anatulia.

Nirudi kwenye lugha kidogo maana uliuliza matumizi. Kinagaubaga linapenda vitenzi vya kusema na kuonyesha. Eleza kinagaubaga, sema kinagaubaga, simulia, jibu, andika, onyesha, orodhesha. Shahidi alisimulia kinagaubaga. Daktari alinieleza kinagaubaga dawa zile zinafanya nini mwilini. Kwenye jina unaliunga kwa ile -a ya kuunganisha (ya, la, cha), maelezo ya kinagaubaga, majibu ya kinagaubaga, taarifa ya kinagaubaga. Halichukui kiambishi cha jina, hakuna "maelezo makinagaubaga". Haliendi kwenye kujua, mtu ukimjua vizuri sema namjua fika, au namjua nje ndani. Na wapo wanaosema "kwa kinagaubaga." Mi nikiwa nahariri naiondoa hiyo kwa, maana neno lenyewe limeshakuwa kielezi kama waziwazi au polepole, hatusemi kwa polepole. Ila kwenye mazungumzo utalisikia sana na wala usimkatize mtu kwa sababu hiyo.

Kuna neno moja linalolifanana kwa sauti na linanisumbua kila mwaka, kindakindaki. Nimeliona kwenye barua ya maombi ya kazi, kijana kaandika "nitawaeleza kindakindaki uzoefu wangu." Kindakindaki ni kusema mtu ni wa asili hasa, wa damu, Mswahili kindakindaki, mkulima kindakindaki. Halielezi jambo. Ukijikuta unasita kati ya hayo mawili jiulize kama unasema habari ya mtu alivyo au ya jambo linavyosemwa.

Uliniuliza pia kama wenzetu wa kwingine wanalo. Kenya wanalo na waandishi wa habari wanalitumia kama sisi, na watoto wanakutana nalo kwenye insha. Lubumbashi na miji mingine ya Kongo mazungumzo ya kawaida utasikia zaidi kufasiria, "unifasirie" yani nieleze nielewe, na hilo ni ndugu wa fasiri na tafsiri, ya asili ya Kiarabu, ambako tafsiri ilikuwa ni kufafanua maana kabla sisi hatujaibana ikawa zaidi kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine. Misikitini bado maana ya zamani iko hai, sheikh akisema leo tuna darsa ya tafsiri, watu hawaendi kusikiliza maneno yakigeuzwa tu, wanakwenda kuelezwa aya.

Na kwa kuwa nimegusa Kiarabu siwezi kuliacha sherehe, nivumilie kidogo. Ukifungua diwani ya mashairi, au vitabu vya shule vya Kenya, mwishoni utakuta kichwa kimeandikwa Sherehe, na chini yake maneno magumu na maana zake. Wanafunzi wangu walikuwa wanauliza harusi iko wapi. Hakuna harusi. Neno limetokana na Kiarabu sharaha, kufungua, kukunjua, na ndilo lililo kwenye sura ya 94 ya Qurani, pale penye habari ya Mtume kukunjuliwa kifua. Kifua kikikunjuka mtu anafurahi, ndo sherehe tuliyoizoea. Maneno yakikunjuka mtu anaelewa, ndo sherehe ya nyuma ya kitabu. Yani tena ni kufungua, kama zile -ua zetu, lugha mbili zimekutana kwenye jambo moja. Kila nikilifikiria hili napata raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Kwa wanaojiandaa na mitihani ambao najua mdogo wako yumo, mwambie maneno haya kwenye swali ni maagizo. Taja ni taja, majina tu, asipoteze muda. Eleza, atoe jambo na alionyeshe lilivyo. Fafanua, atoe hoja, aifungue, aweke mfano unaoshikika. Jadili, atazame pande zote. Nimesahihisha karatasi ambazo mtoto anajua kila kitu ila kwenye fafanua kataja, na kwenye taja kafafanua hadi muda ukamwishia. Mfano mmoja halisi chini ya kila hoja unafanya kazi kuliko kurasa nne.

Sasa kikao chako cha Jumamosi. Usianze kwa kujitetea, na usianze kwa kulaumu yaliyosemwa. Simama, sema "wanachama wenzangu, kikao kilichopita mliomba niwaeleze kinagaubaga matumizi ya mengineyo, na sikuwaeleza ipasavyo, naomba nifanye hivyo sasa." Halafu soma zile laini tano kama nilivyozitandaza, risiti zikiwa mezani kwa mpangilio uleule unaosoma, ukifika kwenye viti sema habari ya wageni, kisha kaa. Usijaze ukimya. Wakiuliza jibu kilichoulizwa. Na kuanzia robo hii hilo neno mengineyo liondoe kwenye taarifa yako kabisa, au liache kwa vile vya elfu mbili tatu tu.

La katibu ndo hili la mwisho. Kwenye muhtasari aandike neno moja, bila nafasi katikati, bila kistari, bila kwa mbele yake, wala asiliwekee alama za kunukuu maana hapo litasomeka kama kejeli. Aandike: "Mweka hazina alieleza kinagaubaga matumizi ya shilingi 186,000, na wanachama waliridhika." Lakini hiyo sehemu ya kuridhika aiandike baada ya kikao, wakiwa wameridhika kweli.